Ziwa Tanganyika: Vita vya Majini na Habari Zilizochelewa

Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam hukoma Kigoma, baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 1,250. Mbele ya stesheni hiyo ya kale, iliyojengwa na Wajerumani, hakuna tena nchi kavu ya kupita. Ni maji matupu mpaka macho yachoke, na ng'ambo yake, siku isiyo na ukungu, huonekana milima ya Kongo kama kivuli cha buluu. Hilo ndilo Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, na kina chake chapata meta 1,470, hata likahesabiwa kuwa la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Nchi nne zanywa maji yake: Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Wenyeji wa mwambao huu walijua tangu zamani kuishi na ziwa hilo kwa adabu. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi hutoka na taa kuvuta dagaa, na asubuhi akina mama huwaanika mchangani, au huwapeleka sokoni pamoja na migebuka na mawese. Kuanzia Mei hadi Agosti pepo za kusi huvuma kwa nguvu, mawimbi huinuka kama ya bahari, na nahodha mwenye busara hungoja. Yeyote atazamaye utulivu wa bandari hiyo leo hawezi kudhani kwa urahisi kwamba maji yale yaliwahi kuwa uwanja wa vita vya manowari, wala kwamba mapigano yaliyochukua dakika chache tu mbele ya Mto Lukuga yalipongezwa na mfalme aliyekaa London.

Lakini vita hivyo vilikuwako, na vina mafunzo kwa kila nyumba iliyomtoa mtu kwenda kutumika chini ya bendera. Navyo havihusu mizinga peke yake. Kwa sehemu kubwa ni vita vya habari: nani alizipata kwanza, nani alizikosa, gazeti gani liliziandika, na nani hakuandikwa kabisa.

NAHODHA ALIYEPATA SIMU NA NAHODHA ASIYEIPATA

Mapigano ya kwanza hayakutokea Tanganyika, bali Ziwa Nyasa, upande wa kusini. Huko Waingereza walikuwa na meli yao ya bunduki, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Wajerumani nao walikuwa na Hermann von Wissmann, chini ya Nahodha Berndt. Kabla ya vita watu hawa wawili walikuwa marafiki. Walikutana bandarini mara kwa mara, wakala na kunywa pamoja, kama ilivyo desturi ya mabaharia wachache katika maji makubwa.

Vita vilipotangazwa Ulaya mwanzoni mwa Agosti 1914, simu ilimfikia Rhoades. Berndt haikumfikia. Tarehe 13 Agosti, Gwendolen ilifika mbele ya kituo cha Wajerumani kilichoitwa Sphinxhafen, mahali paitwapo Liuli hivi leo, ikaikuta Hermann von Wissmann imepandishwa pwani kwa matengenezo. Mzinga ukalia. Yasimuliwa kwamba Berndt aliruka katika mtumbwi mdogo, akapiga makasia kuielekea meli ya rafiki yake, huku akipaza sauti kwa hasira kuuliza kama amelewa. Alipopanda juu akaambiwa kwamba mataifa yao yako vitani, na kwamba yeye ni mateka.

Huko London tukio hilo lilitangazwa kuwa ni ushindi wa jeshi la majini katika Ziwa Nyasa, nalo huhesabiwa miongoni mwa ushindi wa mwanzo kabisa wa majini katika vita vile. Si uongo: meli iliharibiwa, na Waingereza wakalitawala ziwa. Hata hivyo msomaji aliyekaa mjini Ulaya, aliposoma maneno "ushindi wa majini", alijipigia picha ya manowari mbili zikipambana katika moshi na mawimbi. Hakupiga picha ya meli iliyolala juu ya magogo, wala ya nahodha mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kukosa habari. Maneno ya gazeti yalikuwa ya kweli, ila picha iliyojengeka kichwani mwa msomaji haikuwa kweli.

ZIWA LENYE BWANA MMOJA

Katika Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa kinyume. Huko Wajerumani ndio walioamka mapema. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wabelgiji iitwayo Alexandre Delcommune karibu na Lukuga. Hadi siku ile watawala wa Kongo ya Kibelgiji walikuwa wakitumaini kwamba vita vya Ulaya vingeweza kuzuiwa visifike Afrika. Baada ya mizinga ile matumaini hayo yalikwisha. Kabla ya mwaka kumalizika, mashua za Waingereza zilizokuwa upande wa kusini wa ziwa nazo ziliharibiwa. Wajerumani wakawa mabwana pekee wa maji yale. Waliweza kupeleka askari na vyakula popote mwambaoni, na adui asiweze kuwavukia.

Tena walikuwa wakiandaa jambo kubwa zaidi. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, iliundwa meli yenye urefu wa meta 71 hivi, ikaitwa Graf von Götzen. Baada ya kuundwa ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo vipande vilikwenda kwa gari moshi hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu wa Kijerumani, wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na mafundi na vibarua wengi wa Kiafrika, waliipigilia misumari upya ufukoni. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini.

Baadaye ilifungwa mzinga mkubwa wa milimeta 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Hivyo mzinga wa meli ya bahari ulipanda gari moshi, ukaenda kukaa juu ya meli ya ziwani. Hakuna chombo chochote katika Tanganyika ambacho kingeweza kusimama mbele yake.

BOTI MBILI ZAVUKA MILIMA

Mwezi Aprili 1915 mwindaji mmoja wa Kiingereza, John Lee, aliyekuwa ameitembelea sehemu ile, alikwenda London kwa wakuu wa jeshi la majini. Aliwaeleza kwamba Wajerumani wanaunda meli kubwa, na akawapa shauri: ziletwe boti ndogo zenye mwendo wa kasi, zipitishwe nchi kavu kutoka kusini ya Afrika, zitumbukizwe ziwani upande wa Wabelgiji bila adui kujua. Shauri lilionekana kama ndoto, lakini likakubaliwa.

Uongozi ulikabidhiwa ofisa aitwaye Geoffrey Spicer-Simson. Alipewa boti mbili za injini zenye urefu wa futi 40 kila moja, na watu wasiozidi 30. Kwanza alitaka boti ziitwe Paka na Mbwa. Wakuu wakakataa. Ndipo akazipa majina ya Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni mlio wa paka na jina la kijibwa. Kila boti ilifungwa mzinga mdogo na bombomu moja.

Msafara uliondoka Uingereza Juni 1915, ukafika Cape Town mwanzoni mwa Julai. Kutoka huko boti zilipakiwa juu ya mabehewa, zikapita Rhodesia hadi Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi leo, na zikafika mwisho wa reli mahali paitwapo Fungurume mwezi Agosti. Mbele yao palikuwa na kilometa zipatazo 235 za pori na Milima ya Mitumba, ambako njia ilipanda hadi kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapakuwa na barabara. Ilibidi ikatwe. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa kwa magogo ili mashine mbili za mvuke za kukokota mizigo ziweze kupita, na mashine ziliposhindwa, maksai walifungwa kamba, na maksai waliposhindwa, wanadamu walivuta.

Hapo ndipo msomaji mwenye familia yapasa atue kidogo. Mamia ya wanaume wa Kongo waliokata miti, waliovunja mawe na waliovuta kamba ndio walioupitisha msafara ule milimani. Mashine za mvuke zinywapo huhitaji maji mengi, na wakati ule ulikuwa wa kiangazi. Yasimuliwa kwamba wanawake wa vijiji vya jirani walikusanywa, wakachota maji mbali, wakayabeba vichwani kwa mitungi hadi palipokuwa na mashine. Kama si maji ya akina mama wale, Mimi na Toutou zingebaki porini zikageuka viota vya ndege.

Mwisho wa Septemba milima ilikuwa nyuma. Boti zikapanda tena gari moshi kwa mwendo mfupi, zikateremka Mto Lualaba uliopungua maji, zikapakiwa tena katika reli ya Wabelgiji huko Kabalo, na mwezi Oktoba 1915 zikafika Lukuga, karibu na mji uitwao Kalemie siku hizi. Tangu Cape Town zilikuwa zimesafiri kilometa zipatazo 4,800.

MAPIGANO YA SIKU MBILI

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, ilikuja kupeleleza karibu na Lukuga. Ilipogeuka, ilikuta Mimi na Toutou ziko nyuma yake. Mapigano hayakudumu hata robo saa. Nahodha wake, Luteni Junge, aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na Kingani ikavutwa hadi bandarini. Waingereza waliitengeneza, wakaipa jina la Fifi, ikawa meli yao.

Kisha lilitokea jambo lililozidi mizinga kwa nguvu: kimya. Wajerumani wa Kigoma hawakujua Kingani imepatwa na nini. Hakurudi mtu wa kuwaambia. Wala hawakuwa na habari za uhakika kwamba Waingereza wameleta boti kutoka nchi ya mbali; ni nani angesadiki kwamba boti zimepanda milima? Walidhani yamkini meli yao imepigwa na mizinga ya Wabelgiji iliyokuwa pwani. Kwa hiyo wakatuma Hedwig von Wissmann kwenda kutazama.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ilionekana mbele ya Lukuga. Fifi na Mimi zikaifukuza kwa saa kadhaa. Mimi, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, ilitangulia kuisumbua na kuichelewesha, mpaka mzinga wa Fifi ulipolenga sawasawa. Hedwig ikazama. Bendera yake iliokotwa majini, na husemwa kuwa ndiyo bendera ya kwanza ya jeshi la majini la Ujerumani kutekwa katika vita vile. Ilikuwa adhabu ya kukosa habari: meli moja ilipotea kwa kutojua, na ya pili ikapotea kwa kwenda kuuliza.

Siku ya pili yake Graf von Götzen yenyewe ilipita taratibu mbele ya pwani ikiwatafuta wenziwe. Spicer-Simson aliitazama, akakataa kutoka. Watu wake wengine walisikitika. Wengine walijua kwamba mzinga mmoja wa Götzen ungetosha kuvunja boti zao zote.

YALIYOANDIKWA NA YASIYOANDIKWA

Habari za kutekwa Kingani zilipofika London, Mfalme George V alituma salamu za pongezi kwa kikosi chake kilichokuwa mbali kuliko vyote. Watu wa Uingereza walihitaji sana habari za namna hiyo. Miezi ile vijana wao walikuwa wakifa kwa maelfu katika mahandaki ya Ufaransa, na jeshi lao lilikuwa likiondoka Gallipoli bila ushindi. Hadithi ya boti mbili zenye majina ya mchezo, zilizovuka Afrika na kumshinda adui, ilikuwa kama maji baridi kwa mwenye kiu. Ikasimuliwa na kusimuliwa tena. Mwezi Oktoba 1922 Frank Magee, aliyekuwa karani wa msafara ule, alichapisha makala ndefu katika jarida la National Geographic la Marekani. Mwaka 1935 mwandishi C. S. Forester alitoa riwaya The African Queen, ambayo chanzo chake huhusishwa na vita vya ziwa hili, na mwaka 1951 ikafanywa filamu iliyopendwa duniani kote. Katika riwaya na filamu mambo yalibadilishwa mno, hata watu wengi wakaijua hadithi wasiijue historia.

Yale yaliyofuata hayakupigiwa ngoma. Mwezi Juni 1916 kikosi cha Spicer-Simson kilikwenda kusini kusaidia kuuzingira mji wa Bismarckburg, ambao leo ni Kasanga. Kamanda aliona ngome na mizinga yake, akasita, akaziondoa meli zake. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa vyombo vyao kupitia ziwani, mahali pale pale alipotakiwa awepo kuwazuia. Ngome ilipotwaliwa yasemekana ilionekana kwamba mizinga aliyoiogopa ilikuwa magogo yaliyochongwa. Haikupita muda mrefu akarudishwa kwao akiwa mgonjwa. Shujaa wa Desemba hakuwa shujaa wa Juni. Mtu ni yule yule, ila magazeti hupenda kumpiga picha akiwa amesimama, si akiwa amekaa.

Wenyeji wa Lukuga, Waholoholo, hawakungoja gazeti kumtambua. Vitabu vilivyoandikwa baadaye vyasimulia kwamba kamanda yule alipenda kuvaa vazi kama sketi wakati wa joto, na wenyeji wakamwita "Bwana Chifunga-tumbo". Jina moja la kijijini lilieleza tabia yake kuliko safu nzima za magazeti.

Na upande wa Kijerumani je? Dar es Salaam palikuwa na gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Kwa Kiswahili palikuwa na Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali mjini Tanga, na Pwani na Bara la wamisionari. Magazeti hayo ya Kiswahili yalikuwa hazina kubwa kwa lugha. Walimu na makarani waliyaandikia barua kutoka bara na pwani, nayo yalisomwa kwa sauti ili wasiojua kusoma nao wasikie. Lakini yalikuwa chini ya mkono wa serikali na misheni, na majeshi ya adui yalipoingia mwaka 1916, yalikufa. Katika miaka ile ile ambayo watu wa Afrika ya Mashariki walihitaji habari kuliko wakati wowote, karatasi chache zilizosema lugha yao zilinyamaza.

NYUMBA ZILIZOKAA BILA HABARI

Vita vya Afrika ya Mashariki viliendelea hadi Novemba 1918. Askari wa kulipwa, wa upande huu au ule, alikuwa na namba, mshahara na mkubwa aliyemjua kwa jina. Wake wa askari wengi waliandamana na majeshi, wakapika, wakabeba watoto, wakajua usiku ule ule nani amerudi na nani hakurudi. Mpagazi hakuwa na bahati hiyo. Waingereza peke yao, kwa muda wote wa vita, waliandikisha wapagazi na vibarua karibu milioni moja. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, walizidi 95,000, na wanahistoria wengi waona idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa, njaa na baridi ya milimani.

Jina la kikosi chao lilibaki midomoni mwa watu. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam na ule wa Kariokor mjini Nairobi yote miwili yatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Mama aendaye sokoni Kariakoo kununua vitunguu na kanga, pasipo kujua, hutamka kila siku jina la watu waliobeba vita mabegani mwao. Mishahara ya wengi waliokufa katika utumishi wa Waingereza haikuwafikia jamaa zao, kwa sababu ilisemekana warithi hawapatikani. Na baada ya vita wakubwa walibishana kwa miaka juu ya fedha hizo. Ni nani angewapata warithi, ikiwa jina liliandikwa vibaya, kijiji hakikuandikwa, na hakuna barua iliyotumwa nyumbani?

Jambo hilo laonyesha uchungu wa vita kuliko kuzama kwa meli. Mama aliyeambiwa mwanawe amekufa hulia, huomboleza, hufanya matanga, kisha maisha huendelea. Mama asiyeambiwa neno huacha mlango bila komeo kila usiku. Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi za vita hivyo hazikuumia kwa kukanyagwa tu. Ziliumia pia kwa kutoulizwa na kutojibiwa.

MELI ILIYOKATAA KUFA

Mwezi Juni 1916 ndege za majini za Wabelgiji ziliishambulia Graf von Götzen bandarini Kigoma. Wakati huo, yasimuliwa, mzinga wake mkubwa ulikuwa umeshaondolewa kwenda kusaidia vita vya nchi kavu, na mahali pake pamewekwa gogo. Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia mji, kamanda wa Kijerumani, Gustav Zimmer, aliamuru meli izamishwe. Mafundi walioiunda walipaka injini grisi nyingi kwanza, kwa tumaini la kuifufua siku moja, kisha tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu karibu na Kigoma. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia mjini.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena katika dhoruba. Waingereza, walipokuwa watawala wa Tanganyika, waliiinua mwaka 1924, wakakuta ile grisi imefanya kazi yake: injini zilikuwa nzima. Mwezi Mei 1927 ilianza safari zake ikiwa na jina jipya, Liemba, jina la zamani walilotumia watu wa sehemu za kusini kuliita ziwa lao.

Tangu hapo meli iliyoundwa wakati wa Kaiser ikawa meli ya akina mama wenye magunia ya dagaa, ya walimu waliohamishwa vituo, ya askari waendao likizo na ya maharusi. Ilisafiri kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, na mitumbwi ikaja kuizunguka kama vifaranga wakimzunguka kuku. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha kwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwezi Mei 2015, watu walipokimbia machafuko ya Burundi na kurundikana katika kijiji kidogo cha Kagunga, mahali penye mlima nyuma na maji mbele, huku kipindupindu kikiwaandama, Liemba ilikwenda na kurudi, mamia kwa safari moja, kuwaleta Kigoma. Miongoni mwa waliopanda walikuwamo watoto waliozaliwa siku chache tu kabla. Hakuna aliyewauliza kama wajua meli hiyo iliundwa na nani, wala kwa shabaha gani.

LA KUKUMBUKA

Afikaye Kigoma na akataka kuyaona mambo haya hana haja ya kutafuta nyumba ya makumbusho. Stesheni ipo, bandari ipo, na mwendo mfupi kusini yake upo mji wa Ujiji, ambako mwaka 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Stanley, alimkuta Livingstone na kuipeleka habari yake ulimwenguni kote. Hata wakati ule dunia ilisoma habari za wageni wawili waliokutana, na haikusoma habari za wapagazi waliowafikisha hapo. Desturi hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40 vita vya manowari vilipoanza.

Kwa hiyo askari na polisi, na wale wawangojao nyumbani, wana haki ya kuzisoma habari za vita kwa macho mawili. Jicho moja lisome kilichoandikwa: meli ngapi zimezama, bendera gani imetekwa. Jicho la pili litafute kisichoandikwa: nani alikata njia, nani alichota maji, nani hakurudi, na kama kwao wameambiwa. Ofisa aandikaye orodha ya watu wake kwa usahihi, jina la baba, kijiji na jamaa wa karibu, hafanyi kazi ya karani tu. Anaufungia mlango wa mama mmoja, ili usiku utakapokuwa mrefu asibaki akisikiliza nyayo zisizokuja.